Waya Usiofika Popote

Taa ya sita haikuwaka. Niliiangalia mazoezi matatu mfululizo, na haikuwaka hata kwa kupitiwa.

Mwanzoni sikuwa na nia ya kuchunguza. Nafasi yangu jukwaani ilikuwa pembeni, na kutoka pale niliiona vizuri meza ya fundi mitambo, ile yenye vitufe vingi kama kopo la vifungo la mama. Fundi mwenyewe bendi nzima ilimwita Mzee Vitufe, naye aliitika. Juu ya kila safu ya vitufe palikuwa na taa ya kijani, ndogo kuliko punje ya mtama. Sauti ikiingia, taa inakonyeza. Besi ikiguswa, ya kwanza inakonyeza. Kinanda, ya pili. Dramu, ya tatu. Gitaa la solo la Mjomba, lile la umeme, ya nne. Kipaza sauti cha kuimbia, ya tano. Ya sita niliambiwa ni yangu. Nilipiga gitaa langu kavu mpaka ncha za vidole zikawaka moto, na ile taa ikanitazama tu, kama mlango wa mtu aliyesafiri.

Gitaa lenyewe lilikuwa la mama. Ni la mbao tupu, tumbo wazi, halina umeme wowote ndani yake. Sauti inatoka palepale linapopigwa. Mama alikuwa mshonaji, na zamani, kabla sijazaliwa, alipiga miaka sita katika bendi hiihii. Alitunga wimbo mmoja uitwao Sindano, na mwanzo wake ni gitaa peke yake linalokwenda kama mguu kwenye cherehani: tiki-tiki, tiki-tiki-ti. Enzi zake ukumbi ulinyamaza kuusikiliza, na watu wazima wakiusikia mpaka leo wanageuza shingo. Bendi ilipokaribia kutimiza miaka thelathini, watu wakaanza kuuliza kama Sindano utapigwa. Vidole vya mama vimevimba kwenye viungo, havikunji tena. Basi Mjomba, ambaye ni mdogo wake mama na ndiye kiongozi wa bendi, akaja nyumbani, akanikuta napiga, akasimama mlangoni kusikiliza mpaka mwisho.

"Mpwa," akasema, "njoo usimame na sisi."

Nilifurahi wiki nzima. Nilifurahi kama mjinga.

Baada ya mazoezi ya tatu nilimsogelea Mzee Vitufe akikunja nyaya zake.

"Mzee, taa yangu haiwaki."

"Imeungua."

"Tangu lini?"

"Taa ikiungua haiagi, binti."

"Lakini hata kwenye spika sijisikii."

"Gitaa kavu ndivyo lilivyo. Haya nipishe, umekanyaga waya."

Kweli nilikuwa nimekanyaga waya, na ulikuwa wangu, ule aliokuwa akiubana kwenye ukingo wa gitaa langu kwa kidude alichosema kinashika sauti. Sikumbishia. Mimi ni mtu wa kungoja. Siku ya mazoezi iliyofuata nilifika saa nzima kabla ya wenzangu, mlinzi akanifungulia, nikapiga magoti jukwaani nikaufuata ule waya kwa mkono, kama unavyofuata uzi uliofumuka kwenye nguo upate kujua umeanzia wapi. Ulipita chini ya zulia. Ulizunguka nyuma ya dramu. Hapo nyaya zote nyingine ziligeuka kulia kwenda mezani kwa Mzee Vitufe. Wangu uligeuka kushoto, ukaingia nyuma ya pazia, ukapanda ukutani, na pale ukaisha. Ncha yake ilikuwa imekunjwa vizuri, imefungwa utepe, imetundikwa kwenye msumari. Msumari ulikuwa na kutu.

Nyaya za bendi ile kila mmoja una karatasi ya gundi yenye jina lake: BESI, KINANDA, SOLO, SAUTI. Na huu ulikuwa na yake, imegeuka rangi ya chai ya rangi. Mwandiko wa Mjomba naujua, ana D zenye tumbo kubwa. Ilikuwa imeandikwa DADA.

Mimi Mjomba hajawahi kuniita dada. Mimi ni Mpwa, na bendi nzima ilinichukulia jina hilo tangu siku ya kwanza, hata wale ambao si wajomba zangu. Mjomba ana dada mmoja tu duniani.

Nilikaa chini ya lile pazia nimeushika ule waya mkononi. Nilikuwa nahesabu. Miaka sita, kila Jumapili. Wenzangu walipofika nilikuwa nimeshaurudisha msumarini. Nikapiga mazoezi yote, na pale pa kutabasamu nikatabasamu.

Nyumbani nilimkuta mama anafumua shati. Kushona kumemshinda, lakini kufumua bado anaweza, na washonaji wa mtaani humletea kazi walizoziharibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umerudi na uso wa kununua ugomvi?"

"Mama, ule waya wako wa jukwaani, uliwahi kujua unakwenda wapi?"

Hakuinua kichwa. Wembe wake ulikata nyuzi tatu, nne.

"Kwenye msumari," akasema.

Nikakaa chini.

"Nilijua mwaka wa sita," akaendelea. "Wewe umechukua muda gani?"

"Mazoezi matatu."

"Afadhali. Macho umerithi kwa baba yako, mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu."

Akanieleza, na alinieleza huku anafumua, kama habari ya jirani. Alipogundua, alimwendea mdogo wake akamwambia, niunganishe kama wengine. Mjomba hakukataa. Alingoja Jumapili ukumbi umejaa, akatangaza kwamba leo dada yake anataka kusikika. Wakafunga kipaza sauti mbele ya tumbo la gitaa, wakamwekea spika miguuni, inamtazama yeye, wakaifungua mpaka mwisho. Gitaa likalia. Si kulia kwa wimbo, ni kulia kwa mluzi, ule mluzi mkali unaotoboa masikio ukumbi mzima.

"Kama mbuzi aliyekanyagwa," mama akasema. "Watu wakacheka mpaka wengine wakashika viti. Mjomba wako akasema kwenye kipaza sauti: mnaona, gitaa kavu ni la kubembelezea watoto. Wakacheka tena."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilirudi nyuma hatua moja. Moja tu. Likanyamaza." Hapo ndipo aliponitazama. "Unaelewa? Nikajua dawa yake palepale. Lakini mjomba wako alikuwa ameshampungia mkono Vitufe azime. Nikaliweka gitaa begani nikashuka. Watu husema niliacha muziki ili niolewe. Niliolewa miaka miwili baadaye. Waliona kusema hivyo ni kunitunzia heshima, nikawaachia."

"Unataka na mimi niache?"

"Nimesema mimi niliacha. Wewe nimekutaja?" Akapuliza nyuzi kutoka kwenye shati. "Jambo moja tu. Fanya utakavyofanya, lakini gitaa langu usilitoboe."

Basi shida yangu ikawa na mipaka inayoeleweka. Zilibaki wiki tatu kabla ya Jumapili ya miaka thelathini. Nilitaka Sindano uanze kwa gitaa lile, kwenye ukumbi uleule, usikike mpaka mlangoni, bila mluzi na bila tundu.

Nilikwenda kwa Shangazi. Shangazi, dada wa baba yangu, ndiye fundi redio wa mtaa wetu. Banda lake linanuka risasi iliyoyeyuka ya kuungia nyaya, na miwani yake ameifunga mkono mmoja kwa waya wa shaba. Yeye na mama hawajapata kukaa meza moja bila kudonoana, na wakikaa siku mbili bila kuonana kila mmoja anamwulizia mwenzake.

"Wifi yangu kakutuma?"

"Hajanituma."

"Basi nitakusaidia. Angekutuma ningekataa kwanza, ndiyo utaratibu wetu."

Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwake ni kama ugonjwa. Kisha akavuta saa mbovu ya kengele, akaifungua, akatoa kisahani cha shaba, chembamba kama gamba la samaki, chenye nyaya mbili.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinawapigia watu kelele asubuhi. Ukikipa umeme, kinatetemeka, kinapiga kelele. Sasa ukikigeuzia kazi, ukakibandika kwenye mbao, mbao ikitetemeka chenyewe ndicho kinatoa umeme. Mdomo unageuka sikio."

"Kinabandikwa wapi?"

"Hilo gitaa litasema."

Lilichukua alasiri tatu kusema. Shangazi alivaa spika za masikioni, mimi nikashikilia kile kisahani kwa kidole, nagonga mbao kwa ukucha, nasogeza, nagonga tena.

"Hapa?"

"Ndoo."

"Hapa?"

"Kopo la maziwa."

"Hapa?"

"Mzee anakohoa. Sogea."

Karibu na tundu la tumbo palivuma mno, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Pembeni palikuwa pamekufa. Alasiri ya tatu nilifika nyuma ya kile kijiti zinapofungwa nyuzi, vidole viwili upande wa nyuzi nyembamba, nikagonga. Shangazi hakusema ndoo wala kopo. Alifumba macho.

"Rudia hapo."

Nikapiga mwanzo wa Sindano, taratibu. Akavua zile spika akanivisha mimi, akanishikia kisahani yeye. Ilikuwa sauti ya chumba cha mama wakati nina miaka mitano, nimelala chini ya meza ya kukatia, na yeye anapiga akidhani nimesinzia. Niliinamia nyuzi. Shangazi naye alijifanya anatafuta nta.

Tulikibandika kwa nta, waya tukaupitisha kwenye tundu la tumbo, hatukutoboa hata pa kupita sisimizi. Kwa kuwa sauti ya kisahani ni nyonge, Shangazi akanitengenezea kiboksi cha kuipa nguvu, vitu vya ndani vikitoka kwenye redio ya zamani, vyote ndani ya kopo la sabuni.

Ukabaki mluzi. Tuliunganisha kwenye spika kubwa ya bandani, nikasimama mbele yake makusudi, na gitaa likalia mpaka muuza mkaa wa ng'ambo akaja kuuliza nani kafa.

"Sikiliza," Shangazi akasema. "Tumbo la gitaa ni sikio kubwa. Linasema kitu, spika inakirudia kwa nguvu, tumbo linakisikia, linakisema tena kwa nguvu zaidi. Kama umbea. Umbea ukimrudia aliyeuanza akauamini, ndipo mtaa unapoungua. Wewe kazi zako ni mbili: lizibe sikio, na usimwangalie mmbea usoni."

Kuziba tulihitaji kitu laini kinachokaza. Shangazi akavua kandambili yake moja iliyochakaa, akanipa. Nikaipeleka kwa mama anikatie duara, maana hakuna mtu anayekata duara kama yeye, hata kwa vidole vile.

"Kandambili ya nani hii?"

"Ya Shangazi."

"Basi gitaa litanuka maneno." Lakini aliikata, akaipunguza ukingo kwa wembe mara nne mpaka ikaingia kwenye tundu kama kifuniko cha chungu.

Kwa usimamaji, nilifanya mazoezi peke yangu bandani: mbele ya spika, hatua moja nyuma, bega la kushoto mbele, tumbo la gitaa likitazama ukuta. Nilifanya mpaka mguu ukajua wenyewe. Kichwa kikiwa na hofu husahau, ila mguu hausahau.

Zilibaki siku nne nilipomwambia Mjomba. Alikuwa anapangusa gitaa lake jekundu la umeme kwa kitambaa, anavyofanya kila jioni baada ya mazoezi, taratibu, kama anayemwogesha mtoto.

"Mjomba, ule waya wa kwenye msumari nimeuona."

Kitambaa kilisimama, kisha kikaendelea.

"Mpwa wangu, sikiliza. Bendi ni kelele. Gitaa kavu kwenye bendi ni kama mtu mpole kwenye kikao cha ukoo. Ana maneno mazuri, lakini nani atamsikia? Mimi nakuweka mbele ya watu wakuone. Wanafurahi. Picha inapendeza. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo mimi si picha. Na kikao kinaweza kunyamaza kidogo."

Akacheka. Mjomba ana kicheko kizuri, ndicho kilichomjengea bendi.

"Jumapili sitasimama na ule waya," nikasema.

"Basi hutasimama."

"Na Sindano atauanza nani?"

Hapo hakucheka. Mabango yalikuwa yameshabandikwa, na jina la wimbo lilikuwa kubwa kuliko jina la bendi. Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka mfukoni.

"Sawa. Jumapili utaunganishwa. Mbele ya watu wote."

Alilisema kwa upole mno. Nikajua ni lilelile la mama, halijabadilishwa hata kifungo.

"Asante Mjomba," nikasema.

Jumapili mama alisema haendi. Alisema haendi akioga, akasema haendi akivaa gauni lake la kijani, na tulipofika mlangoni pa ukumbi bado alikuwa anasema haendi. Shangazi alikuwa amemwekea kiti safu ya mwisho, karibu na mlango.

"Wifi, nimekushikia nafasi hapa ili ukitaka kukimbia usikanyage watu."

"Na wewe umevaa viatu leo? Ajabu."

"Kandambili zangu mmekata."

Ilikuwa alasiri, jua bado linaingia kwa madirisha ya juu, mapanga ya feni yakizunguka bila faida. Viti vya plastiki vilijaa, watu wakasimama kandokando ya kuta. Nilipanda jukwaani na gitaa langu, kopo la sabuni likining'inia kiunoni. Mzee Vitufe alinyoosha mkono na ule waya wa DADA.

"Hapana, mzee," nikasema. "Huo una kazi yake msumarini."

Akaniangalia, akauweka chini.

Nyimbo nne za kwanza nilisimama bila waya wowote, mikono imelala juu ya gitaa, sikugusa uzi. Watu wa mbele wakaanza kunong'onezana. Mama mmoja mnene akauliza kwa sauti, "Na yule vipi, anangoja usafiri?" Watu wakacheka. Nilingoja. Kati ya wimbo wa nne na wa tano Mjomba akachukua kipaza sauti.

"Wapenzi wetu. Sasa ni zamu ya Sindano." Ukumbi ukapiga makofi. "Na huyu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ameomba nimuunganishe na mitambo, gitaa lake kavu. Wale wa zamani mnakumbuka habari ya gitaa kavu." Baadhi ya wazee wakaanza kuguna kicheko. "Mnasemaje, tumuunganishe?"

"Muunganishe," wakajibu, na sauti zao tayari zilikuwa na kicheko ndani.

Mzee Vitufe alileta waya wa kweli, mweusi, mpya, akauchomeka kwenye kopo langu la sabuni. Kisha akasukuma ile spika ya chini mpaka miguuni pangu, inanitazama. Alipoinama akasema kwa sauti ndogo:

"Nimeambiwa niiweke hapa, binti."

"Iweke, mzee."

"Mama yako yupo?"

"Yupo mlangoni."

Alikaa ameinama pale muda mrefu kidogo kuliko spika ilivyohitaji. Kisha akarudi mezani, na nikaona mkono wake ukipandisha kitufe cha sita mpaka juu, kama alivyoambiwa.

Mluzi ulianza kabla sijagusa uzi. Ulianza chini, kama nyuki, ukapanda. Ile kandambili ilikuwa inaushika, haukuwa ule wa kutoboa masikio, lakini ulikuwa unakuja. Safu za mbele zikaanza kucheka. Mjomba tayari alikuwa ameinua mkono kumpungia Mzee Vitufe azime, na mkono mwingine unapeleka kipaza sauti mdomoni.

Nikarudi hatua moja.

Bega la kushoto mbele. Tumbo la gitaa ukutani.

Likanyamaza. Kicheko kilikuwa kimeshatoka na hakikuwa na pa kwenda. Kikakatika kidogokidogo, huyu, kisha yule. Mjomba bado alikuwa anapunga mkono. Nilitazama mezani. Mzee Vitufe alikuwa amevua miwani, anaipangusa kwa shati, anaipangusa vizuri sana, kioo kimoja kisha cha pili. Mtu aliyevua miwani haoni mkono wa mtu.

Nikapiga. Tiki-tiki, tiki-tiki-ti. Na taa ya sita ikakonyeza.

Sauti ilifika mlangoni. Najua ilifika kwa sababu niliona vichwa vya safu ya mwisho vikiinuka. Nilipiga mwanzo wote, na pale bendi inapoingia, bendi ikaingia kama ng'ombe kwenye shamba la mahindi. Dramu, besi, kinanda, na juu ya vyote gitaa jekundu la Mjomba, ambalo alikuwa amelifungua kuliko nilivyowahi kulisikia. Nilipiga kidogo ndani ya zile kelele, kisha nikaacha. Nikalaza kiganja juu ya nyuzi.

Bendi ikazunguka kipande kilekile mara moja ikinisubiri. Ikazunguka mara ya pili. Mjomba akanisogelea bila kuacha kupiga.

"Piga."

"Nasubiri."

"Unasubiri nini wewe?"

"Kikao kinyamaze."

Akaniangalia kama mtu aliyemkuta mgeni amekaa kitini pake. Mimi nikaangalia watu. Kungoja naweza, nilishangoja nyimbo nne, ningeweza kungoja mpaka wafunge ukumbi. Bendi ikazunguka mara ya tatu. Wa kwanza kuelewa alikuwa mpiga dramu, jamaa mkubwa anayeitwa Kishindo. Alinitazama, akatazama mkono wangu, akaacha kupiga ngozi, akaanza kugonga ukingo tu kwa ncha ya fimbo: ti, ti, ti. Mpiga besi akamfuata, akashusha. Kinanda kikabaki na vidole viwili. Likabaki gitaa jekundu peke yake, linapiga kelele katikati ya watu wanaonong'ona, na ukumbi mzima ukaligeukia.

Yule mama mnene wa mbele akasema, "Baba, hebu tumsikie mtoto."

Mjomba aligeuza kitufe cha gitaa lake. Nusu. Akanitazama. Sikuinua kiganja. Akageuza tena.

Nikaanza upya. Sikuanzia pale nilipoachia, nilianzia mwanzo kabisa, kwa sababu mwanzo ndio wa mama. Safari hii bendi ilipoingia iliingia kwa kunyata, kila mmoja na nafasi yake, na gitaa kavu likapita katikati yao kama sindano inavyopita kitambaa, chini, juu, chini, juu. Nilimtafuta mama kwa macho. Hakuwa anapiga makofi, wala analia, wala anacheza. Alikuwa amekaa wima, na mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga cherehani isiyokuwepo. Shangazi alikuwa amemshika kiwiko, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao hakuna aliyekuwa anasema kitu.

Wimbo ulipokwisha Mjomba alininong'oneza, meno yakiwa bado nje kwa ajili ya watu:

"Umeniaibisha mbele za watu."

"Hapana, Mjomba. Umeniunganisha mbele za watu. Ndivyo ulivyoahidi."

"Sasa imetosha. Chomoa."

"Bado kuna nyimbo sita," nikasema, na sikuchomoa. Nilipiga zote sita.

Watu walipotawanyika, Mzee Vitufe alikuja na kalamu na karatasi yake ya gundi.

"Waya mpya unataka jina," akasema. "Niandike nani? MPWA?"

Mjomba alikuwa pale karibu, anapangusa gitaa lake.

"Wengine umewaandikaje, mzee?"

"Besi. Kinanda. Solo."

"Basi andika GITAA KAVU."

Akaandika, kwa herufi kubwa, akabandika, akapita kidole juu mara mbili ikashika.

Mama ndiye aliyekwenda nyuma ya pazia. Hakumwomba mtu ruhusa. Tulimsikia anahangaika na msumari, vidole vile vikikataa, kisha akatoka ameuzungusha ule waya wa zamani begani kama mtu anayetoka kukata kamba. Mdogo wake akafungua mdomo.

"Dada, huo ni wa bendi."

"Una jina langu," mama akasema, akapita.

Siku hizi tunauanikia nguo. Umefungwa kutoka dirishani mpaka kwenye nguzo ya jirani, na unabeba mashuka mawili yaliyoloa bila kulegea. Mama anasema ni waya imara sana, haujachoka hata kidogo, na kwamba ndiyo faida ya kukaa miaka sita kazini bila kufanya kazi. Karatasi ya DADA bado ipo kwenye ncha. Mvua imeshindwa kuitoa. Jumapili Mjomba akija nyumbani kunichukua kwenda ukumbini, inambidi ainame ili apite chini yake.